Mashali wa Safari Rally: Namna Wanavyopaswa Kufunzwa na Kupimwa

Mbio za magari za Safari Rally zinapopita Kedong, Loldia au Soysambu, macho ya wengi hufuata gari. Ni wachache wanaomtazama mtu aliyesimama nyuma ya utepe tangu kabla ya jua kuchomoza, akiwa na filimbi shingoni na fulana yenye rangi inayoonekana kwa mbali. Mtu huyo ni mashali, yaani msimamizi wa kituo kimoja katika njia ya mashindano. Aghalabu ni mtu wa kujitolea: mwanafunzi, mwalimu, fundi wa magari, mfanyabiashara wa mjini au mkulima wa jirani aliyeacha shughuli zake kwa siku chache.

Makala haya yanaeleza kazi ya mashali, mafunzo anayohitaji na, zaidi ya yote, namna ya kumpima kabla ya kumkabidhi kituo. Suala la kupima ndilo lenye uzito, kwa kuwa kuhudhuria semina ni jambo moja, na kuweza kuwaondoa watu 40 kwenye kona kabla ya gari kufika ni jambo jingine kabisa.

Kutoka barabara ya umma hadi njia iliyofungwa

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, ikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 ilikuwa miongoni mwa mashindano yaliyounda msimu wa kwanza wa Mashindano ya Dunia ya Rally, WRC, na ikabaki katika orodha hiyo hadi 2002. Katika miaka hiyo yote magari yalishindana kwenye barabara za umma ambazo hazikufungwa. Lori, basi, baiskeli au kundi la ng'ombe liliweza kukutana na gari la mashindano wakati wowote. Katika mfumo huo, kazi kuu ya msimamizi aliyeketi kituoni ilikuwa saa na karatasi: kuandika muda, kuthibitisha kwamba gari limepita na kuliruhusu liendelee.

Mashindano yaliporejea katika WRC mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, mfumo ulikuwa umebadilika. Mbio sasa huendeshwa katika hatua maalumu zilizofungwa kwa matumizi mengine, magari yakiachana kwa dakika chache, huku watazamaji wakikusanyika kwa wingi katika sehemu chache zenye mandhari nzuri au kona kali. Kazi ya saa na karatasi haikuondoka, lakini kazi ya kulinda watu imeipita kwa uzito. Mashali mkongwe aliyebobea katika karatasi za muda anaweza kuhitaji kufunzwa upya kuhusu umati, jambo ambalo si rahisi kumwambia mtu aliyejitolea kwa miaka 20.

Yaliyojifunzwa kwa gharama ya maisha

Historia ya mchezo huu duniani inaonyesha kwa nini watazamaji ndio walio hatarini zaidi. Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliacha barabara karibu na Sintra na kuingia katikati ya watazamaji, likaua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 30. Picha za enzi hiyo zinaonyesha watu wakisimama barabarani kabisa na kupisha gari dakika ya mwisho. Mei 31, 2014, watazamaji 3 walifariki katika mashindano ya Jim Clark Rally huko Scotland, mwaka mmoja baada ya mtazamaji mwingine kufariki katika Snowman Rally karibu na Inverness. Uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo ulieleza kuwa watazamaji walikuwa wamesimama mahali palipostahili kupigwa marufuku. Januari 2017 mtazamaji alifariki katika hatua ya kwanza ya Monte-Carlo. Na Machi 24, 2024, siku 4 tu kabla ya Safari Rally ya mwaka huo kuanza, watu 4 waliuawa katika mashindano ya rally nchini Hungary.

Nchi hizo hazikuwa na upungufu wa kanuni. Baada ya vifo vya Scotland, Serikali ya huko iliunda jopo la kupitia upya usalama wa mashindano, na mafunzo ya mashali yakawa miongoni mwa mambo yaliyopendekezwa kuboreshwa. Uingereza ikaanzisha mpango wa kuwathibitisha mashali wa rally kupitia masomo ya mtandaoni. Mpango kama huo unasaidia kuhakikisha kwamba kila aliyevaa fulana amesoma mambo yale yale. Hata hivyo, masomo ya skrini pekee hayawezi kuonyesha kama mtu ana sauti ya kusikika katika kelele za umati, au kama atathubutu kusema hapana.

Dakika zilizo mikononi mwa mashali

Kabla ya gari la kwanza la mashindano, magari ya utangulizi hupita njiani kukagua usalama. Huwa na namba za sifuri, na la mwisho kati yake, lenye sifuri moja, hupita muda mfupi kabla ya mbio kuanza. Maafisa walio ndani yake huangalia kama utepe upo, kama watu wamesimama panapofaa na kama kila kituo kina wasimamizi wake. Wakiona hatari, huiarifu ofisi ya uongozi wa mashindano, na hatua inaweza kuahirishwa au kufutwa.

Lakini kila aliyewahi kusimamia kituo anajua kwamba umati hutii gari la ukaguzi likiwa linapita, kisha husogea. Kijana anavuka barabara kumfuata rafiki yake. Mpiga picha anashuka ukingoni. Familia iliyokuwa juu ya kilima inateremka hadi upande wa nje wa kona, ambako gari likikosa mshiko ndiko litakakoelekea. Kati ya gari la sifuri na gari la kwanza la mashindano kuna dakika chache ambazo hakuna afisa mwingine anayeona kinachotokea pale isipokuwa mashali wa kituo hicho. Mafunzo yote na tathmini yote yanapaswa kuelekezwa katika dakika hizo.

Mashali hana mamlaka ya kumkamata mtu. Hayo ni ya polisi. Alichonacho ni fulana, filimbi, sauti na mawasiliano ya redio kupitia msimamizi wa kituo. Silaha yake kubwa ni taarifa. Akisema kwamba kituo chake si salama, uongozi una wajibu wa kusikiliza. Mashali anayeogopa kulaumiwa kwa kuchelewesha mbio hafai kukabidhiwa kona yenye watu, hata kama anajua kanuni zote kwa moyo.

Yanayofundishwa

Kanuni za msingi hutoka kwa Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Magari, FIA, na zinafanana katika nchi zote. Kwanza ni alama. Eneo la kituo cha muda huanza kwa bango la manjano lenye picha ya saa, kisha bango jekundu lenye picha ileile mahali penye meza ya msimamizi, na mwisho wa eneo huonyeshwa kwa bango la rangi ya mchanga lenye mistari 3 ya mshazari. Mwisho wa hatua maalumu pia huanza kwa bango la manjano, safari hii lenye picha ya bendera ya miraba. Hufuata bango jekundu la bendera hiyo hiyo, ambapo muda hukatwa gari likiwa bado katika mwendo wa kasi, na mbele zaidi lipo bango jekundu la kusimama. Kati ya bango la manjano na lile la kusimama gari haliruhusiwi kusimama. Mashali asiyeelewa hilo anaweza kuegesha gari lake mwenyewe katika sehemu ambayo gari la mashindano litapita likiwa halijapunguza kasi.

Pili ni muda. Vituo huanza kufanya kazi angalau dakika 30 kabla ya wakati uliopangwa kwa gari la kwanza. Muda wa gari kufika huandikwa wakati mwelekezi anapomkabidhi mashali kadi ya muda, wala si wakati gari lilipoonekana likija. Anayechelewa hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika. Anayewahi hutozwa dakika nzima kwa kila dakika. Kwa mfano, gari lililopangiwa kufika saa 09:32 likikabidhi kadi saa 09:35, adhabu ni sekunde 30. Likikabidhi saa 09:30, adhabu ni dakika 2. Aidha, mashali haruhusiwi kumkumbusha mwelekezi wakati aliopangiwa, hata akiombwa kwa upole. Wakufunzi wa Afrika Mashariki wana jambo moja la ziada la kuangalia: saa rasmi husoma 09:32 ilhali ulimi wa Mswahili husema saa tatu na dakika thelathini na mbili. Mkono uliochoka unaweza kuandika 03:32 kwenye kadi, na kosa hilo likazua malalamiko ya saa nyingi. Dawa yake ni mazoezi ya kuandika tarakimu zinazoonekana kwenye saa, neno kwa neno, pasipo kutafsiri.

Tatu ni ishara za dharura. Gari lililopata ajali huonyesha bango jekundu la SOS iwapo msaada wa tabibu unahitajika kwa haraka, au bango la kijani la OK iwapo hauhitajiki. Wafanyakazi wa gari hutakiwa pia kuweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 kabla ya gari lililokwama. Anayeona SOS lazima asimame kusaidia, na gari linalofuata hupeleka taarifa katika kituo cha redio kilicho mbele. Vituo vya redio huwekwa takriban kila kilomita 5. Katika hatua ya kilomita 30, hivyo ni vituo 5 vya kati mbali na mwanzo na mwisho. Mashali wa redio hutambulika kwa fulana ya manjano yenye alama ya buluu, na msimamizi wa kituo kwa fulana ya buluu yenye mstari mweupe.

Bendera nyekundu inastahili somo lake peke yake. Huonyeshwa katika vituo vya redio tu, kwa amri ya mkurugenzi wa mashindano, na wakati wa kuonyeshwa huandikwa. Dereva anayeiona hupunguza mwendo mara moja na hudumisha mwendo huo hadi mwisho wa hatua. Mashali mwenye nia njema anayeipeperusha kwa uamuzi wake mwenyewe huharibu muda wa dereva aliyekuwa akishindana kwa haki. Anayesita kuionyesha baada ya kuamriwa huacha gari likimbilie palipo na majeruhi. Makosa yote mawili hutokana na kutofanya mazoezi.

Kazi nyingine ya redio ni kuhesabu. Kila gari linalopita huandikwa namba yake na wakati wake. Gari namba 14 likipita kituo cha pili na lisionekane katika cha tatu, ni karatasi hiyo inayoeleza liko kati ya wapi na wapi. Bonde la Ufa likijaa vumbi laini baada ya magari machache kupita, namba mlangoni husomeka kwa shida, na mashali aliyefunzwa vizuri huandika alichokiona kwa hakika na kuweka alama pale asipokuwa na hakika.

Namna ya kupima

Tathmini yenye maana ina sehemu mbalimbali, na ile ya maswali ya karatasi ndiyo nyepesi. Maswali hupima kumbukumbu ya alama, adhabu za muda na taratibu za dharura. Hapa pana mtego ambao waandaaji wengi huuangukia, nao ni kutumia wastani. Mtahiniwa anaweza kupata alama 90 kwa 100, na lile swali moja alilokosa likawa la bendera nyekundu, au la mahali pa kusimama. Wastani huficha kosa linaloua. Mambo machache ya uhai na kifo yanapaswa kutengwa, na anayekosa hata moja kati ya hayo arudi kufundishwa, haidhuru alama zake nyingine ni nzuri kiasi gani.

Sehemu ya pili ni jaribio la vitendo katika kituo cha mfano. Utepe hufungwa, meza ya saa huwekwa, na wasaidizi wa mtathmini huigiza umati. Mmoja ni mlevi mcheshi anayewachekesha wenzake kwa kuvuka njia. Mwingine ni mpiga picha anayedai ana kibali. Wa tatu, na ndiye mgumu kuliko wote, ni mheshimiwa aliyefika kwa gari kubwa akitaka kupitishwa kwa kuwa ana haraka. Anayepimwa hatakiwi kugombana na yeyote. Anatakiwa kusema kwa heshima na kwa uthabiti, «Samahani mheshimiwa, njia imefungwa, siwezi kukuruhusu,» kisha kumwarifu msimamizi wa kituo bila kuchelewa. Katika jaribio hilo mtathmini huangalia pia mambo madogo. Je, aligeuzia mgongo upande ambako gari hutokea? Je, alichagua mahali pa kukimbilia kabla ya kuhitaji kukimbia? Je, alipopuliza filimbi, watu waligeuka?

Kinachoandikwa kwenye fomu kiwe kitendo kilichoonekana. «Ana bidii» au «ana nidhamu» hakumsaidii mkuu wa hatua anayepanga vituo. «Aliwaondoa watazamaji 12 kutoka upande wa nje wa kona kabla ya gari la sifuri kufika, na alitoa taarifa ya redio kwa usahihi» kunamsaidia. Ni vyema pia mtathmini asitoke katika klabu moja na anayepimwa, kwa sababu ni vigumu kumwambia rafiki wa miaka mingi kwamba hajafaulu.

Sehemu ya tatu hufanyika kazini. Mashali mpya huwekwa chini ya mwenye uzoefu katika raundi ya mashindano ya kitaifa, ambayo umati wake ni mdogo, kabla ya kupelekwa katika mashindano ya dunia. Daftari lake hujazwa na kutiwa saini na msimamizi wa kituo kila anapohudumu, likionyesha alihudumu wapi na alifanya nini. Kwa kuwa Safari Rally hufanyika mara moja kwa mwaka, ujuzi hupata kutu. Aliyefaulu mwaka jana anahitaji kuonyesha tena mambo yale machache ya lazima kabla ya kupewa fulana.

Asiyefaulu hapaswi kufukuzwa. Mtu asiyeweza kusimama mbele ya umati anaweza kuwa hodari wa saa, wa hesabu za kadi au wa kupokea taarifa za redio. Anayejitolea ametoa muda wake, nauli yake na mara nyingine chakula chake. Akielezwa faraghani alipopungukiwa, na akapewa kazi inayomfaa, aghalabu hurudi mwaka unaofuata akiwa bora zaidi. Akiaibishwa mbele ya wenzake, kuna hatari asirudi tena, na pengine akaondoka na wenzake watatu.

Majirani wa njia

Hatua za Naivasha na Elmenteita hupita katika nchi yenye wafugaji, wafanyakazi wa mashamba ya maua, wanafunzi na wanyamapori. Tangazo la kufungwa kwa barabara lililobandikwa mjini haliwezi kumfikia kila mchungaji. Kwa hiyo mashali anayezungumza Kimaa au Kikuyu pamoja na Kiswahili ana thamani ambayo mgeni mwenye vyeti vingi hawezi kuifikia. Mzee wa eneo anayejulikana kwa jina huweza kuondoa vijana kwenye kona kwa neno moja, pale ambapo filimbi ingepuuzwa. Mpango mzuri wa mafunzo humtafuta mtu wa namna hiyo mapema, humfundisha na humpima kama wengine. Heshima yake kijijini humsaidia na umati. Haimfundishi maana ya bango la SOS.

Kuhusu mifugo, mashali huzungumza na mchungaji kabla ya njia kufungwa ili wakubaliane mahali pa kuvushia na wakati wake. Kuhusu wanyamapori kanuni ni fupi: asiwafukuze. Hutoa taarifa kwa redio na kusubiri maelekezo. Pundamilia aliyeshtuliwa upande mmoja wa njia huweza kutokea upande wa pili, mbele ya gari lisiloweza kusimama.

Watoto ndio wanaohitaji uangalizi mkubwa zaidi. Hufika mapema, hukaa karibu na husogea bila kufikiri. Mashali wengi wenye uzoefu huwapanga mahali pamoja, nyuma na juu ya usawa wa barabara, na kumwomba mtu mzima mmoja awe msimamizi wao kwa jina. Mbinu hiyo ni rahisi na inafaa kuingizwa katika jaribio la vitendo.

Gari la mwisho la mashindano linapopita, kazi bado haijaisha. Hufuata gari la kufunga msafara, na mpaka hapo utepe haufunguliwi wala watu hawaruhusiwi kuingia njiani, kwa kuwa gari lililochelewa kwa hitilafu linaweza kuwa bado linakuja. Baada ya hapo msimamizi wa kituo hukusanya karatasi za namba, hukutana na mashali wake kwa muda mfupi na kujaza fomu ya kila mmoja papo hapo, kabla gari la kuwarudisha Naivasha halijafika, wakati kila mtu bado anakumbuka nani alisimama wapi.